Mtoto wa jicho hakurudi: ukungu wa mama na swali la leza

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68, anaishi Pangani. Miaka miwili iliyopita alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kushoto, kwenye kambi ya macho, akawekewa lenzi. Aliona vizuri mno, akivaa miwani alikuwa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Tangu mfungo uliopita analalamika ukungu, na usiku taa za bodaboda zinamtawanyikia. Majirani wanasema mtoto wa jicho amerudi. Nesi wa macho hospitali ya wilaya amemwangalia, akasema nyuma ya lenzi kuna utando, aende akapigwe leza. Mama amekataa katakata. Anasema hataki kuchomwa jicho, tena anaogopa lenzi yenyewe itapasuka. Duka la dawa wametuuzia matone ya kusafisha jicho, ametumia mwezi mzima bila nafuu. Ana kisukari pia, na jicho la kulia bado halijafanyiwa kitu. Tufanyeje?
Binti, Tanga.

JIBU: Marahaba binti, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Nianze na hilo la majirani. Mtoto wa jicho hawezi kurudi kwenye jicho lililokwisha kufanyiwa operesheni, kwa sababu kile kinachopata mtoto wa jicho hakimo tena. Kilitolewa kwenye kambi. Alichowekewa mama ni plastiki, na plastiki haipati mtoto wa jicho. Nesi wenu huenda amesema kweli: ukungu unaokuja polepole, bila maumivu, miezi au miaka baada ya operesheni, mara nyingi sana ni utando nyuma ya lenzi, na dawa yake ni leza ya dakika chache. Lakini nimeandika "huenda" kwa makusudi. Mama ana kisukari, na kwa mtu wa kisukari sitaki leza iwe hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kupanuliwa mboni na kuangaliwa jicho mpaka nyuma kabisa. Wengi wanaoniandikia huuliza leza inapatikana wapi, wachache sana huuliza kama ndiyo wanayoihitaji.

Hayo matone asiendelee nayo. Hakuna dawa ya matone duniani inayoondoa utando wa nyuma ya lenzi, iwe ya dukani, ya mtandaoni au ya mitishamba. Kichupa msikitupe, mwende nacho kwa daktari. Kikiwa na deksamethasoni au prednisoloni, daktari lazima ajue, kwa sababu dawa za jamii hiyo zikitumika wiki kwa wiki bila usimamizi zinaweza kupandisha presha ya macho, na presha hiyo huua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu bila mwenyewe kuhisi lolote. Asali, maziwa ya mama na utomvu wa majani navyo visiguse jicho hilo. Nimeona konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, zilizooza kwa dawa za namna hiyo, na konea iliyooza haisafishwi na leza yoyote.

Sasa huo utando unatoka wapi, maana hapo ndipo watu wanapodhani daktari wa kambi alifanya kazi nusunusu.

Lenzi tuliyozaliwa nayo imekaa ndani ya kifuko chembamba, mfano wa mto ndani ya foronya. Kwenye operesheni daktari hufungua upande wa mbele wa foronya, akatoa kilichochafuka, akaingiza lenzi ya plastiki, akauacha upande wa nyuma ukiwa mzima. Anauacha kwa kusudi. Ukuta huo ndio unaoishikilia lenzi mpya mahali pake, na ndio unaozuia ule ute mzito uliojaa nyuma ya jicho usije mbele. Ni ukuta mwembamba ajabu: katikati una takriban mikroni 4, yaani sehemu nne za elfu moja za milimita. Siku ya operesheni unakuwa angavu kabisa, ndiyo maana mama alitoka pale akiona mpaka tundu la sindano.

Lakini pembezoni mwa kifuko hubaki seli chache za lenzi ya zamani, zimejibanza mahali ambapo hakuna chombo kinachozifikia zote. Seli hizo huendelea kuzaana. Hutambaa taratibu juu ya ukuta wa nyuma, na zikifika katikati, kwenye njia ya mwanga, huvimba zikawa kama vishanga vidogo vilivyosongamana, au hukaza ukuta wenyewe ukaingia makunyanzi. Vile vishanga tunaviita lulu za Elschnig, kwa jina la Anton Elschnig, aliyekuwa profesa wa macho huko Prague mwanzoni mwa karne ya 20. Jina zuri kwa kitu kinachosumbua. Ukizimulika lulu hizo kwa darubini huku mboni imepanuliwa na mwanga ukirudi mwekundu kutoka nyuma ya jicho, unaona duara jekundu lililojaa viputo katikati. Daktari akiona hivyo huelewa mara moja kwa nini taa za bodaboda zinamtawanyikia mgonjwa: kila kiputo kinaupinda mwanga upande wake.

Ni jambo la kawaida kiasi gani? Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 1998, uliounganisha tafiti nyingi, ulikuta utando kwa watu kama 12 katika kila 100 baada ya mwaka mmoja, 21 baada ya miaka mitatu na 28 baada ya miaka mitano. Tangu wakati huo lenzi zimeboreshwa. Za akriliki laini zenye ukingo wa pembe kali huzizuia seli kutambaa, kwa hiyo idadi imepungua kwa wanaowekewa hizo. Lenzi ngumu za PMMA, ambazo kambi nyingi huzitumia kwa sababu ya bei, kwa ujumla huruhusu utando zaidi. Msije mkajuta lakini. PMMA ndiyo plastiki aliyoitumia daktari wa macho Harold Ridley pale hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1949, alipompandikizia binadamu lenzi kwa mara ya kwanza, baada ya kugundua kwamba vipande vya vioo vya plastiki vya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kuleta shida. Ni lenzi ya kuaminika. Kukaa gizani miaka mitano ukisubiri ya ghali ni hasara kubwa kuliko kuja kupigwa leza mara moja.

Kwa watoto habari ni tofauti, na najua kuna wazazi wanaonisoma. Mtoto mdogo akiachiwa ukuta wa nyuma ukiwa mzima, karibu kila mara utaziba, tena upesi. Kwa hiyo daktari wa macho wa watoto hufungua tundu kwenye ukuta huo siku ile ile ya operesheni. Mkiambiwa hivyo msishtuke.

Tukirudi kwa mama: tunajuaje kuwa ukungu wake ni wa utando, na si wa kitu kingine kilichojificha nyuma ya utando?

Kuna vitu viwili mnavyoweza kuvifanya nyumbani kabla ya safari. Havitoi jibu la mwisho, ila daktari atafurahi kuvisikia. Mwambie mama afumbe jicho la kulia, avae miwani yake, aangalie nondo za dirisha kwa jicho la kushoto peke yake. Nondo zikionekana zimefifia lakini zimenyooka, ni sawa na utando. Zikionekana zimepinda, au katikati pana doa ambapo nondo imepotea, tatizo liko kwenye retina, yaani ngozi ya ndani nyuma ya jicho inayopokea picha, katika kile kitovu cha kuonea, na hapo safari isisubiri mwisho wa mwezi. La pili: toboa kadi ngumu kwa pini, achungulie kwenye katundu hako. Akiona vizuri zaidi ghafla, huenda sehemu ya shida yake ni miwani iliyopitwa na wakati.

Hilo la miwani msilidharau. Nililetewa mzee fundi cherehani akiwa na barua ya leza mkononi. Alikuwa na utando kweli, lakini mdogo, uko pembeni. Nikampima, kwa mbali alisoma ubao karibu wote. Malalamiko yake yote yalikuwa ya karibu: nyuzi, namba za futi, simu. Lenzi aliyowekewa, kama nyingi za kwetu, ina umbali mmoja tu inaouona vizuri, na wake ulikuwa wa mbali. Hakuwahi kupewa miwani ya kusomea tangu siku ya operesheni. Aliondoka na miwani, na barua yake ya leza ikabaki kwenye faili.

Mwingine alikuwa na utando mnene, na kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, alidhani ndio uliomfanya agonge milango. Tulipoangalia mshipa wa fahamu tukakuta presha ya macho imekwisha kuula karibu wote. Leza ingesafisha dirisha, lakini nyumba yenyewe ilikuwa imezimika taa. Bado tulimpiga, akapata nafuu kidogo, na tukaanza kulipigania lililobaki. Kama angeambiwa tu "piga leza urudi nyumbani", mwaka uliofuata asingekuwa anaona hata hicho kidogo.

Kwa mwenye kisukari, kitu cha kutafuta kwanza ni mishipa ya damu ya retina. Sukari ya miaka mingi huidhoofisha, ikavuja maji na mafuta, na kitovu cha retina kikavimba. Uvimbe huo nao huja kama ukungu, polepole, bila maumivu. Mama anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasisitiza: apimwe uwezo wa kuona kwa ubao, apimwe miwani, apimwe presha ya macho, apanuliwe mboni, aangaliwe retina, na hospitali ikiwa na mashine ya kupiga picha za tabaka za retina, apigwe. Utando ukiwa mnene kiasi kwamba daktari mwenyewe haoni nyuma, leza inakuwa na kazi mbili, kumfungulia mama aone nje na kumfungulia daktari aone ndani. Hapo ipigwe, halafu retina ikaguliwe mara njia ikiwa wazi, isiwe habari ya kuambiwa rudi mwakani.

Sasa hofu ya kuchomwa. Nadhani najua inakotoka. Kijijini mara nyingi yupo mtu wa kisukari aliyekwenda "kupigwa leza", akarudi akisimulia miali ya kijani, vichomi na kichwa kuuma. Ile ni leza nyingine. Inapigwa kwenye retina, kazi yake hasa ni kuchoma, kwa joto, sehemu zilizokosa damu ili mishipa mibovu isiote. Ipo na ya tatu, ile vijana wanayoitafuta ili waache miwani, ambayo huchonga konea ya mbele. Anayotakiwa kupigwa mama inaitwa leza ya YAG, na haichomi.

Mwanga wake hauonekani kwa jicho, una urefu wa mawimbi nanomita 1064. Kila pigo hudumu sehemu chache za bilioni moja za sekunde, na nguvu yote inakusanywa kwenye nukta moja ndogo kuliko kichwa cha pini. Kwenye nukta hiyo hutokea mlipuko mdogo mno, na wimbi la mlipuko ndilo linalopasua ukuta. Joto halipati nafasi ya kusambaa. Kabla ya hapo utando ulitobolewa kwa sindano au kisu, maana yake mgonjwa kurudi chumba cha upasuaji, jicho kufunguliwa tena na hatari ya wadudu kuingia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, madaktari wa macho Danièle Aron-Rosa akiwa Paris na Franz Fankhauser akiwa Bern, kila mmoja kwa njia yake, wakaonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa kwa mwanga bila kulifungua jicho. Leo hakuna daktari ninayemfahamu anayetamani kurudi kwenye sindano, isipokuwa kwa mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye mashine.

Mwelezee mama siku yenyewe itakavyokuwa. Mkifika, akishapimwa, atatiwa matone ya kupanua mboni, mtasubiri nusu saa hivi kwenye benchi. Atatiwa na matone ya kuzuia presha ya jicho isipande. Halafu ataingia kwenye chumba chenye mwanga hafifu, atakaa kwenye kiti, kidevu juu ya kishikio na paji la uso kwenye mkanda, kama alivyokaa kwa nesi wa wilaya. Mashine ni darubini ile ile, ila imeungwa na leza. Madaktari wengine huweka lenzi ndogo ya kioo juu ya jicho, kwanza wakitia matone ya ganzi na jeli; inasaidia kulituliza jicho na kulenga vizuri. Haiumi, unahisi ubaridi na utelezi tu.

Kwa kuwa mwanga wa leza hauonekani, daktari hulenga kwa nukta mbili nyekundu. Anasogeza mashine mbele na nyuma mpaka nukta mbili zimekuwa moja, juu ya utando. Hapo hubonyeza. Mama atasikia "tik", ataona mmweko, basi. Tik nyingine, tik nyingine. Mapigo ishirini au thelathini, utando mgumu ukihitaji zaidi, kwa nguvu ndogo inayoanzia kwenye millijuli moja hivi. Wengi hupiga kwa umbo la msalaba. Ukuta ulikuwa umevutwa kila upande, kwa hiyo ukikatwa kingo zake hujivuta zenyewe, na tundu la milimita tatu au nne likabaki wazi katikati. Dakika tano. Mara nyingi mgonjwa huuliza kama tumeshaanza, kumbe tumemaliza.

Anachotakiwa yeye ni kutulia tu, kidevu kisisogee na jicho lisikimbie. Kama ana kikohozi kikali au mtetemeko wa kichwa, amwambie daktari mapema.

Kuhusu lenzi kupasuka, mama ameuliza swali zuri kuliko wasomi wengi. Lenzi na ukuta vimegusana karibu kabisa, kwa hiyo pigo likikosea lengo kidogo linaweza kuacha kidoa kwenye lenzi, au kwenye lenzi ngumu kaufa kadogo. Kuepuka hilo, daktari hulenga kidogo nyuma ya ukuta, ili wimbi la mlipuko ndilo lifike mbele, na huanzia pembeni badala ya katikati. Vidoa hivyo vikitokea mgonjwa kwa kawaida hata havioni. Lenzi kuvunjika vipande ndani ya jicho, hilo aliondoe kichwani.

Baada ya hapo hakuna kidonda, hakuna bandeji, hakuna uzi. Najua alipofanyiwa operesheni aliambiwa asiiname, asitie maji usoni, asibebe ndoo. Safari hii hayamhusu. Anaweza kutawadha na kusujudu Adhuhuri hiyo hiyo, akainua na ndoo yake akifika nyumbani. Kitakachomsumbua siku hiyo ni mboni iliyopanuliwa: mwanga wa jua utamkera na vitu vitakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo awe na mtu wa kumshika mkono na kofia au miwani ya jua. Ukungu wa utando huisha kwa wengi kesho yake, wengine hata jioni hiyo. Ataona vidoa au nyuzi zinaelea mbele ya macho, ambavyo ni mabaki ya utando yakizunguka ndani ya ute. Huzama zenyewe kwa siku au wiki chache. Atapewa matone ya kutuliza uvimbe kwa siku chache, ayatumie kama alivyoandikiwa na aache siku aliyoambiwa.

Msiondoke hospitali kabla hajapimwa tena presha ya jicho, kiasi cha saa moja baada ya leza. Presha kupanda kwa muda ndilo tatizo linalojitokeza zaidi, na ni rahisi kulidhibiti likijulikana. Kama yumo katika matibabu ya presha ya macho tayari, wajulishwe mlangoni kabisa.

Kuna hatari mbili nyingine ambazo sitazificha. Kitovu cha retina kinaweza kuvimba katika wiki au miezi inayofuata, na mwenye kisukari yuko karibu zaidi na hilo. Na retina yenyewe inaweza kuchomoka kutoka ukutani mwake. Ni nadra, tafiti nyingi huiweka karibu na mtu 1 katika 100 au pungufu, lakini kwa wenye miwani mizito ya kuonea mbali, au ambao operesheni yao ya kwanza ilikuwa na matatizo, huongezeka. Kwa hiyo mama akiona miali ya ghafla pembeni ya jicho hata akiwa gizani, au vidoa vinamiminika vingi kwa mpigo, au pazia jeusi linashuka au kupanda upande mmoja, siku hiyo hiyo apelekwe, hata kama haumwi. Retina iliyochomoka haiumi. Inayowahiwa hurudishwa, iliyokaa wiki nyingi, mara nyingi hapana. Jicho kuwa jekundu na kuuma sana nalo ni la kurudi haraka.

Wapo ambao ningewaambia wasubiri. Jicho ambalo operesheni yake haijatimiza miezi mitatu, kwa kawaida tunaliacha litulie. Jicho lenye uvimbe wa ndani, kwanza litibiwe. Na yeyote ambaye bado hajaridhika na lenzi aliyowekewa, pengine namba haikumfaa na kuna mazungumzo ya kuibadilisha, asikubali leza mpaka hilo limeamuliwa. Ukuta wa nyuma ukishatobolewa haushoneki tena, na kuitoa lenzi bila ukuta huo ni kazi ngumu na yenye hatari. Na mwenye utando mdogo usiomzuia chochote hana haja ya kupigwa kwa sababu tu umeonekana. Mama yako hayuko kwenye kundi lolote kati ya haya, kwa jinsi ulivyoeleza.

Utando wenyewe ukishafunguliwa, kurudi kwake ni nadra kwa mtu mzima. Siku zote naulizwa kama ni kitu cha kupiga kila mwaka. La, mara moja hutosha kwa jicho.

Kwa mahali, hospitali kubwa zenye idara ya macho ndizo za kuanzia: kwenu Tanga ulizieni hospitali ya mkoa kwanza, kisha kuna KCMC Moshi, na Dar es Salaam kuna Muhimbili na CCBRT. Msipande basi kabla ya kupiga simu. Mashine hizi huharibika, na mwenye kuitumia anaweza kuwa likizo. Ulizeni mambo haya kwenye simu: leza ya YAG inafanya kazi wiki hii? Uchunguzi wa retina na leza vinaweza kufanyika siku moja, kwa mtu anayetoka mbali? Bima yake wanaipokea kwa huduma hiyo, na kama hapana, gharama yote na dawa ni shilingi ngapi? Akikujibu "njoo tu mtajua huku", tafuta namba nyingine. Bebeni kadi ya kambi, hasa ile karatasi yenye aina na namba ya lenzi kama ipo, kitabu chake cha kisukari, dawa zote anazotumia na kile kichupa.

La mwisho ni jicho la kulia, ambalo umeligusa kwa nusu sentensi. Mkiwa huko huko mwombeni daktari alipime nalo. Kama lina mtoto wa jicho na retina yake ni nzima, apangiwe operesheni bila kungoja liive, ule ni ushauri wa zamani. Mtoto wa jicho aliyeiva sana humpa kazi ngumu daktari na kumpa mgonjwa uvimbe zaidi. Ila wenye kisukari huwa tunataka sukari itulie kabla ya kulifungua jicho, kwa hiyo kuanzia sasa hadi siku ya miadi asimamiwe kwenye dawa na chakula. Leza yenyewe haihitaji kufunga kula. Asubuhi ya safari anywe chai yake, ameze dawa zake za sukari kama kawaida, na mfungashie kitu cha kula njiani, maana foleni za kliniki ya macho unazijua.